Ukitaka kusomea namna seli zinavyoshikana, soma na namna zinavyoambizana

Assalamu alaykum wadogo zangu. Naandika hii kwa sababu meseji zenu zinazidi, khasa nyie wa kidato cha sita na mlioko mwaka wa pili vyuoni, mnauliza mie nilisomea nini khasa huko Uingereza na mtu akitaka kuifuata njia hiyo aanzie wapi, na kumjibu mmoja mmoja kwa WhatsApp naona simtendei mtu haki, jibu linakuwa refu halafu linakatika katikati. Basi nimekaa nimeliandika lote hapa. Mie ni mtu wa Pemba, nimekulia Wete, skuli nimesoma hapahapa visiwani, na utafiti wangu wote wa digrii za juu ulikuwa juu ya integrini, zile protini ambazo seli inazitumia kushika pale ilipokaa. Saivi nipo Unguja nafundisha.

Nina jambo moja tu la kukwambieni na mengine yote yanatoka humo: usizisome integrini kama gundi. Kila ukiona seli imeshika kitu jiulize masuala mawili mbalimbali, la kwanza imeshikwa na nini, la pili imeambiwa nini baada ya kushika. Watu wengi sana, hata wenye PhD zao, wanalijibu la kwanza wakadhani wameshayajibu yote mawili, na hapo ndo miaka ya kazi inapotea.

Aliyewahi kutoka na wavuvi atanifahamu haraka. Nanga ikishatupwa nahodha haioni, iko chini huko, anachofanya anaweka mkono juu ya kamba. Kamba ikikaza ikatulia anajua nanga imeuma, ikitetema anajua inaburuza mchanga, na yeye huku juu akitaka anaachia kamba zaidi nanga ikauma vizuri. Integrini ndo kamba ile. Kushika ni nusu ya kazi yake, nusu nyengine ni kupitisha habari, za nje zikaingia ndani na za ndani zikatoka nje.

Sasa kitu chenyewe. Integrini moja ni minyororo miwili ya protini iliyokaa pamoja, mmoja unaitwa alfa na mwengine beta. Binaadamu ana aina 18 za alfa na 8 za beta, na zinavyochaguana zinatoa jumla ya integrini 24, kila moja na kazi yake na mahala pake. Kichwa kikubwa kipo nje ya seli, kila mnyororo unapita kwenye utando wa seli mara moja, halafu ndani kunabaki mkia mfupi tu (isipokuwa beta 4 ambayo mkia wake ni mrefu sana). Na ule mkia mfupi hauna kazi yoyote ya enzaimu, hauwezi wenyewe kumpachika mtu fosfeti wala kukata kitu, kwa hiyo kila habari inayopita lazima waitwe wengine waje kuibeba. Mie hapa ndo nilipolipenda somo hili. Mbele anakuja protini anaitwa talini, anashika mkia wa beta na upande wa pili anashika nyuzi za aktini ambazo ndo zinaipa seli umbo na nguvu ya kuvuta, na protini mwengine, kindlini, naye anashika mkia huohuo pembeni yake. Aktini zikivuta, vipande vya talini vilivyojikunja vinafunguka, na vikifunguka vinaonesha sehemu ambazo protini wa tatu, vinkulini, anakuja kujishikiza, na hivyo mshiko unazidi kukaza pale panapovutwa zaidi. Yaani nguvu ya mvuto imegeuzwa kuwa habari ya kikemia. Halafu anakuja kinasi, yaani enzaimu ya kupachika fosfeti, anaitwa FAK, anajiwekea fosfeti kwenye amino asidi yake ya 397, tairosini, hapo anapata pa kukaa kinasi mwengine, Src, na kutoka hapo habari inatawanyika, seli inajua itanuke au ijikunje, itembee au itulie, igawanyike au la, na hata iishi au ife.

Hilo la kuishi au kufa msilipite haraka. Seli nyingi za mwili wetu zikibanduliwa zikabaki zinaelea bila ya kushika popote zinajiua wenyewe, na jambo hilo lilipewa jina la anoikisi mwaka 1994. Seli ya utumbo iliyong'oka haitakiwi ikajipandikize kwenye mapafu. Seli ya saratani inayosambaa ni ile iliyojifunza kuishi bila ya kuambiwa kwamba imeshika. Kwa hiyo mtu akikwambia integrini ni somo la gundi tu, mwambie saratani inasambaa kwa sababu seli yake imeacha kungoja habari zinazopita kwenye gundi hiyo.

Na huko nje kunakoshikwa pana protini kama faibronektini, kolajeni na laminini. Mwaka 1984 Erkki Ruoslahti na Michael Pierschbacher walionesha kuwa ndani ya faibronektini, protini kubwa kabisa ile, sehemu inayotambuliwa na seli ni amino asidi tatu tu zilizofuatana, ajinini, glaisini na asidi ya aspatiki, sisi tunaandika RGD. Tatu tu! Mwengine aliyeifungua njia ni Richard Hynes, na huyu napenda nyie mumjue kwa sababu alizaliwa Nairobi mwaka 1944, akakulia Uingereza, akaja kufanya kazi Marekani pale MIT. Mwaka 2022 yeye na Ruoslahti na Timothy Springer walipewa tunzo ya Lasker, tunzo kubwa ya utabibu huko Marekani, kwa kazi ya integrini. Springer yeye alizipata upande wa seli nyeupe za damu, na kwake ntarudi.

Ushauri wangu wa kwanza wa vitendo hauhitaji maabara, unahitaji simu na bando. Nenda kwenye Protein Data Bank, hazina ya mtandaoni ya maumbo ya protini, ni bure, tafuta 1JV2. Hilo ni umbo la sehemu ya nje ya integrini αVβ3 lililotolewa mwaka 2001, na lilishtua watu kwa sababu walitarajia protini iliyosimama wakakuta imejikunja, kichwa kimeinama mpaka karibu na utando. Halafu fungua 1L5G, ni hiyohiyo ikiwa na kipande cha RGD kimekaa mfukoni mwake, yaani pale kichwani inaposhikia. Zigeuzegeuze kwa kidole, utazame ayoni za metali zilivyokaa pale mfukoni, maana bila ya kalsiamu na magnesiamu na wenzao integrini haishiki kitu. Saivi tunajua integrini ina hali kuu tatu: imejikunja, imesimama lakini mfuko umefungwa, na imesimama mfuko uko wazi. Ile ya tatu ndo inayoshika kwa nguvu. Na anayeamua ibaki ipi ni pande zote mbili, aliye nje akiivuta na talini na kindlini waliomo ndani wakiisukuma. Kaa nayo hiyo mpaka uweze kumueleza mtu wa nyumbani kwako kwa Kiswahili bila ya kutazama daftari, wanafunzi wangu nawafanyisha hivyo na wengi wanagundua hapo kuwa walikuwa wamekariri tu.

Sasa nikupeni mfano unaoyatenganisha yale masuala mawili kuliko wowote ninaoujua, ni wa watoto wachanga. Kuna maradhi ya kurithi yanaitwa kwa kifupi LAD, seli nyeupe za damu zinashindwa kushika. Aina ya kwanza, LAD I, beta 2 ya integrini za seli hizo yenyewe ina hitilafu, integrini haipo au ipo kidogo mno juu ya seli. Mtoto anakuwa na seli nyeupe nyingi sana ndani ya damu, ukipima hesabu iko juu, lakini haziwezi kusimama kwenye ukuta wa mshipa zikapenya kwenda kwenye kidonda, kwa hiyo anapata maambukizi mazito na kidonda hakitoi usaha. Na dalili moja ya mwanzo ni kitovu kuchelewa kukatika, kwa sababu kukatika kwake kunahitaji seli hizo zifike pale. Bibi zetu kitovu cha mtoto wanakitazama kila siku, na mie nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini nisieleweke vibaya, vitovu vingi vinavyochelewa ni vya watoto wazima kabisa, kinachotia wasiwasi ni kuchelewa mno pamoja na maambukizi ya kujirudia, hapo mtoto apelekwe kwa dakta apimwe damu asikaliwe nyumbani.

Aina ya tatu, LAD III, ndo ninayotaka mkae nayo. Hapa integrini zipo, zimekaa juu ya seli kwa wingi wa kawaida, ukizihesabu utasema huyu mzima. Tatizo ni kindlini 3, yule anayeshika mkia kwa ndani, mwaka 2009 ndo ilithibitika kuwa jini yake (gene kwa Kiingereza, maagizo ya kurithi ya kuitengenezea protini) ndo iliyoharibika. Seli imepata habari kuwa kuna vita, lakini habari haifiki kwenye integrini, mfuko haufunguki, haishiki. Na kwa kuwa kindlini 3 ipo pia kwenye chembe sahani za damu, mtoto huyu anapata maambukizi na juu yake anatoka damu isiyokata. Maradhi mawili yenye sura zinazofanana, moja hakuna cha kushikia, jengine cha kushikia kipo ila hakijaambiwa. Ukizifahamu LAD I na LAD III vizuri integrini umeshazielewa kuliko kukariri majina 24. Na kwa kuwa maradhi haya yanataka jini mbovu kutoka kwa baba na kwa mama wote wawili, yanaonekana zaidi kwenye koo zinazooana ndugu kwa ndugu, sisi watu wa visiwani tunajijua, na mtafiti kijana wa hapa atakayelifatilia suala hili kwa adabu na siri za watu zikahifadhiwa atakuwa amefanya kazi kubwa.

Mfano wa pili ni wa dawa na huu unauma, kwa sababu walioumia ni wagonjwa. Chembe sahani zina integrini yao αIIbβ3, ndo inayoziunganisha zikatengeneza bonge la damu. Asiyekuwa nayo ana ugonjwa wa Glanzmann, dakta wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1918, na anatoka damu puani na kwenye fizi tangu utotoni. Sasa wataalamu wakafikiri, mtu mwenye ugonjwa wa moyo bonge linamziba mshipa, basi tuizibe integrini hii. Ikaja abciximab mwaka 1994, halafu tirofiban na eptifibatide mwaka 1998, na hizi mbili zilitokana na kusoma sumu ya nyoka, maana kuna nyoka ambao sumu yao ina vipande vinavyoingia kwenye mfuko wa RGD damu ikashindwa kuganda. Zote ni za kutia mshipani, sipitali, kwa muda mfupi, na zilisaidia. Likaja wazo zuri kabisa la kutengeneza ya kumeza. Zikajaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 33,000, na mwaka 2001 hesabu zilipowekwa pamoja ikaonekana waliomeza walikufa zaidi kuliko wenzao wasiopewa.

Kwa nini? Maelezo yaliyosimama ni haya, dawa hizo zilikuwa zinaiga RGD, zikiingia mfukoni zinaizuia integrini isishike kitu chengine lakini hapohapo zinaigeuza umbo ifunguke, na dawa ikishapungua kwenye damu kati ya kidonge na kidonge inaachwa integrini iliyokwisha funguliwa tayari kushika. Suala la kwanza lilijibiwa, imezuiwa isishike, ndio. La pili, imeambiwa nini, halikupata jibu kwa wakati. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini mpaka mwaka 2022 maabara ya Springer ikaonesha namna ya kutengeneza dawa inayoziba mfuko huku ikiiacha integrini katika hali ya kufungwa, na siri yake iko kwenye molekuli moja ya maji ndani ya mfuko, dawa ikiishikilia molekuli ile isiondoke, mfuko haufunguki. Molekuli moja ya maji wadogo zangu. Mie nilipoisoma ile pepa niliiweka chini nikatoka nje kutembea kidogo, nilikuwa nawafikiria wale watu waliomeza.

Haya, twende kwenye benchi, maana wengine mtafika huko na hakuna atakayekwambieni haya siku ya mwanzo, kila mtu anadhani unajua.

Ukipaka plastiki kwa faibronektini ukamwaga seli zikiwa ndani ya midia (maji ya kuzilishia) yenye seramu (maji ya damu yasiyo na seli), zikashika, bado hujaonesha kitu. Seramu ile yenyewe ina faibronektini na vitronektini na inajipaka kwenye plastiki bila ya wewe kuitaka. Kwa hiyo jaribio la kushika linafanywa bila ya seramu, na pale ambapo hukupaka unaziba kwa albumini iliyopashwa moto. Ukishabandua seli kwa enzaimu ya tripsini usizitumie hapohapo, tripsini inaweza kukata protini za juu ya seli, zipe kama nusu saa zikiwa zinaelea kwenye joto lake zipumue. Na kila jaribio weka sahani ya polilaisini pembeni. Polilaisini ina chaji chanya, uso wa seli una chaji hasi, zinavutana basi, seli itashika bila ya integrini kuhusika, itabaki duara na FAK haitapata fosfeti ya maana. Sahani hiyo moja ndo inayokuonesha kwa macho yako tofauti ya kushika na kuambiwa, na nikiona pepa haina kontroo (jaribio la kulinganishia) ya aina hiyo naisoma kwa wasiwasi. Ukitumia kipande cha RGD kuzuia, weka na RGE, ambayo asidi ya aspatiki imebadilishwa kwa asidi ya glutamiki, tofauti yao ni kaboni moja tu na RGE haitakiwi izuie, ikizuia na yenyewe jua kuna jambo jengine linaendelea pale. Ukitia manganizi integrini zinafunguka kwa nguvu hata kama ndani hakuna aliyeziamuru, kwa hiyo seli isiyoshika kawaida ikashika kwa manganizi inakwambia integrini ipo ila habari ya ndani ndo iliyokosekana, ni ileile hadithi ya LAD III kwenye sahani.

Antibodi nazo andika jina la kloni, yaani ni ipi khasa, usiandike tu "antibodi ya beta 1". Kuna inayozuia beta 1 kama mAb13, kuna inayoilazimisha ifunguke kama TS2/16, kuna inayotambua iliyofunguka kama 9EG7. Mtu akikosea kloni anapata jibu la kinyume kabisa na wala hatojua.

Na kuna suala mnaloniuliza kwa aibu aibu wakati ni la msingi, khasa wasichana wananiuliza, tripsini inatoka wapi. Ndio, tripsini nyingi ya maabara inatoka kwenye kongosho ya nguruwe. Unavaa glavu, hugusi, huli, na mashekhe niliowauliza mie hawakunizuilia, lakini kama moyo wako hautulii zipo enzaimu za badala zinazotengenezwa kwa vijidudu na zinabandua seli vizuri tu, muombe supavaiza wako, ni ombi la kawaida na nimeliona likikubaliwa bila ya maneno. Jelatini ya kupakia sahani pia uliza, ipo ya ng'ombe.

Jengine, plastiki ni ngumu mno kuliko mwili. Mwaka 2006 watafiti wa Philadelphia walichukua seli shina zilezile wakazipanda juu ya jeli za ugumu tofauti, kwenye laini kama ubongo zikaelekea kuwa seli za neva, kwenye ugumu wa msuli zikaelekea msuli, kwenye ngumu zaidi zikaelekea mfupa. Seli inavuta kwa integrini inasikiliza ugumu wa inapovuta. Kwa hiyo ukiona habari ya kushangaza kwenye plastiki jiulize kama ingekuwepo kwenye kitu laini.

Wengi wenu mtasema mie naongelea maabara ambazo hapa hatuna. Kweli, kuotesha seli za binaadamu kunataka inkubeta ya hewa ya kabonidayoksaidi, friza ya baridi kali na umeme usiokatika, na sisi wa Unguja tunakumbuka 2008 tulivyokaa gizani karibu mwezi, halafu tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nitrojeni ya maji haihitaji umeme lakini inahitaji kuongezwa kila mara na inatoka mbali. Kwa hiyo ushauri wangu, ukiwa hapa usianzie na seli za kuotesha. Anza na kinachoishi karibu yako.

Baharini kuna mnyama ambaye somo lote la kushikana kwa seli lilianzia kwake, ni sponji. Mwaka 1907 Mmarekani mmoja, H. V. Wilson, alimkamua sponji kupitia kitambaa chembamba cha hariri, seli zikatoka mojamoja ndani ya maji ya bahari, akaziangalia zikitambaa zikitafutana zikajikusanya upya mpaka zikatengeneza sponji mwengine. Sasa Jambiani akina mama wanafuga sponji kwenye kamba baharini, na wakati wa kukata kunakuwa na mabaki. Tulifanya na wanafunzi wangu kwa mabaki hayo tuliyoyaomba, msende mkang'oa kwenye miamba, na vaeni glavu maana wapo sponji wanaowasha vibaya. Kitambaa, bilauri, hadubini ya skuli, basi. Tengeneza maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu wala magnesiamu, seli zitabaki mbalimbali, halafu tia kalsiamu uzungushe bilauri taratibu taratibu uone zinavyoanza kukamatana vibonge vibonge. Sio kila mara utapata sponji mzima, sisi tulipata vibonge na vilitutosha. Ila semeni ukweli kwenye ripoti zenu, kinachozikamatisha pale kazi kubwa inafanywa na mchanganyiko mkubwa wa protini na sukari unaotoka kwenye seli wenyewe, sio integrini, ingawa sponji nao integrini wanazo. Suala la kwanza na la pili, tena.

Na upande wa maradhi yetu lipo la malaria. Seli nyekundu yenye kimelea inajishikiza kwenye ukuta wa mshipa isipelekwe kwenye bandama ikaharibiwe, na moja ya inavyoshikia ni ICAM-1, protini ya ukuta wa mshipa, ndo ileile inayoshikwa na integrini ya seli nyeupe zetu zikitaka kusimama. Kuna sura ya ICAM-1 inayopatikana sana kwa Waafrika ikapewa jina la Kilifi, hapo jirani zetu Kenya, baada ya utafiti wa mwaka 1997. Nidhamu ya benchi, yaani kuweka lebo, kuandika daftari, kutunza sampuli, unaweza kuipata nyumbani pia, Pemba tuna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri pale Wawi, kazi zao zaidi ni minyoo na kichocho, lakini aliyezoea kuhesabu mayai ya minyoo kwa uaminifu mie namwamini na hesabu za seli.

La mwisho ni barua ya kuombea nafasi nje, maana hapa ndo mnaponitumia rasimu nyingi. Msiandike "nina hamu kubwa ya baiolojia ya seli", kila mtu ana hamu. Chukua pepa moja ya huyo profesa, soma picha kabla ya maneno, tafuta kontroo iko wapi, halafu muandikie mistari michache: kwenye picha fulani umeonesha seli zimeshika, je ulitazama na FAK, je kwenye polilaisini ilikuwaje. Suala la kweli, sio la kujionesha. Nimeona wanafunzi wa visiwani wakijibiwa siku ya pili kwa barua ya namna hiyo. Na akikujibu, kabla hujazungumza habari za viza muulize nani khasa atakufundisha hadubini, na gharama za vifaa vya maabara zimo ndani ya skolashipu au utadaiwa wewe, ajibu kwa maandishi.